UZI: Tatuu za kubandika na vipini vya bandia kwa waigizaji, na jinsi ya kuifanya kamera izikubali

#1 RangiNaNgozi
Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni mekapu ya filamu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mchoro nimeutoa safi, kwa macho unavutia, lakini kwenye kamera unaonekana stika. Tatizo ni nini?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona nifungue uzi. Wenye uzoefu waongezee, wenye maswali waulize.

Msimamo wangu nauweka mapema. Tatuu ya filamu mara chache huharibiwa na uchoraji mbaya. Huharibiwa na mtu kutoielewa ngozi, na kutojua tatuu anayoitengeneza ina umri gani. Mchoraji wa kawaida anayeyajua hayo mawili atafanya kazi nzuri kuliko fundi hodari wa kuchora asiyeyajua.

Tuanze na ngozi. Tatuu halisi haikai juu ya ngozi. Sindano hulitoboa tabaka la juu na kuuacha wino kwenye tabaka la chini yake. La juu likishapona huufunika ule wino moja kwa moja. Kwa hiyo ukitazama tatuu ya mtu, unautazama wino kupitia ngozi yake. Ndiyo maana weusi wake si ule wa kalamu, unavuta kwenye buluu au kijani kilichofifia. Ndiyo maana pia mng'ao wa penye mchoro na pasipo na mchoro ni mmoja, na jasho linatoka hata penye mchoro.

Stika haina hata kimoja kati ya hivyo. Weusi wake ni tii, ukingo wake umekatwa kwa ukali, na taa ikipiga kwa ubavu unaona utando unang'aa peke yake.

Halafu kuna umri, na hapa ndipo wengi hawapiti kabisa. Tatuu ya jana imevimba kidogo, mistari imeinuka, pembeni kuna wekundu, na juu kuna mng'ao wa mafuta ya kupaka. Ikifika wiki hivi inabanduka magamba membamba. Baada ya hapo inatulia, na miaka inavyokwenda rangi inasambaa taratibu ndani ya ngozi, mistari inanenepa. Tazama maandishi kwenye tatuu ya zamani: vile vitundu vya ndani vya herufi "a" na "e" huanza kuziba. Ukimwekea mhusika wa makamo jina la mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima, halafu kila kitundu cha herufi kiko wazi na kisafi, mtazamaji hatakuambia kilichomkera lakini hataamini.

Kwa hiyo kabla sijagusa brashi namuuliza muongozaji: mhusika huyu alichorwa lini, na nani, katika mazingira gani? Aliyechorwa gerezani kwa sindano moja na masizi ana mistari inayoyumba, hapa imekolea, pale haikushika. Ukimpa mchoro ulionyooka wa kompyuta umemfutia maisha yake yote ya nyuma.

Njia ninazotumia ni mbili. Kuna tatuu ya kubandika: mchoro unachapwa kwenye karatasi maalumu, unawekewa gundi, unalazwa kifudifudi kwenye ngozi, kisha karatasi inaloweshwa kwa nyuma mpaka iteleze yenyewe. Na kuna kuchora moja kwa moja kwa rangi za alkoholi, zile paleti kavu zinazoamshwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Zikikauka, maji na jasho la kawaida haviziondoi. Kama tatuu itaonekana siku moja tu, nachora. Kama itarudiwa siku nyingi, nabandika, kwa sababu hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurudia mchoro uleule kila asubuhi.

Lakini kubandika si mwisho wa kazi. Ikishashika naivunja. Nachukua sponji iliyochanwachanwa, nagusa rangi ya ngozi ya mwigizaji iliyolegezwa sana kwa alkoholi, na kudonoa juu ya mchoro na kuvuka ukingo wake. Narudisha mabaka madogo ya ngozi, alama ya zamani, kijidoa. Hapo ndipo wino unapoingia "chini" ya ngozi.

#2 MwanafunziWaMekapu
Asante sana mkuu kwa uzi. Nina maswali mawili. Printa ya nyumbani ya wino inafaa kuchapia? Na ni lazima kuugeuza mchoro?

#3 RangiNaNgozi
Karibu. Kuugeuza ni lazima, kama unavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu unaulaza kifudifudi. Penye maandishi au tarakimu, kabla ya kuweka gundi shikilia karatasi mbele ya kioo usome.

Printa ya wino inafanya kazi, ila wino wa printa nyingi za nyumbani huyeyuka kwa maji. Jasho likipenya pembeni, rangi inatapakaa chini ya utando. Ya leza ni salama zaidi, maana tona, yaani ule unga wa rangi wa printa ya leza, haiyeyuki kwa maji. Kwa vyovyote, usichape weusi kamili. Upunguze mpaka uwe kijivu kizito chenye buluu kidogo.

Kata karibu kabisa na mchoro, na ukingo uwe wa mawimbi. Jicho linakamata mstari ulionyooka haraka sana, hasa kwenye shingo na mkono. Ngozi inyolewe kama ina nywele, ifutwe kwa spiriti, ikauke. Losheni yoyote iliyopakwa asubuhi itaifanya tatuu ijikunje kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo mwambie mwigizaji tangu jana yake.

Jambo lingine ni mkao. Duara ulilobandika mkono ukiwa umekunjwa litakuwa yai ukinyooshwa. Mwigizaji asimame, mabega yalegee, mikono ining'inie. Kiwiko na goti ukwepe ukiweza, utando hupasuka pale. Ukilazimika, chora kwa rangi za alkoholi.

#4 DadaWaPoda
Naomba niongezee kuhusu ngozi nyeusi, kwa sababu maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa kwa ngozi nyeupe na yanatuharibia kazi.

Kumbukeni alichosema RangiNaNgozi, kwamba wino unatazamwa kupitia ngozi. Melanini iko kwenye lile tabaka la juu, yaani juu ya wino. Kwa ngozi nyeusi ni sawa na kuweka kioo cha kahawia mbele ya mchoro. Njano inazama, buluu ya mbinguni inazama, nyeupe inageuka rangi ya maziwa yenye majani ya chai. Stika yenye njano kali juu ya ngozi nyeusi inajitangaza papo hapo kuwa ni stika. Rangi zote zivutwe kuelekea kahawia kabla ya kuchapa.

Mistari nayo iwe minene kuliko unavyofikiri, na uache ngozi tupu ya kutosha kati ya mstari na mstari. Mchoro wa nywelenywele unaopendeza mkononi, kamera ikirudi nyuma hatua chache unakuwa kivuli tu.

La tatu ni poda. Kila mafunzo yanasema maliza kwa poda kuua mng'ao. Poda nyeupe juu ya ngozi nyeusi inaleta ujivujivu, na unakaa pale tu penye tatuu. Tumia kiasi kidogo sana cha poda isiyo na rangi, au poda ya rangi ya ngozi yenyewe, kisha gusa na kiganja kisafi ili joto na mafuta ya ngozi yarudishe uhai. Kuua mng'ao wote ni kosa. Ngozi ya mwigizaji inang'aa, na tatuu ing'ae nayo.

Na wekundu wa tatuu mpya aliousema hapo juu, kwa ngozi nyeusi sana hauonekani hivyo. Kinachoonekana ni uvimbe mdogo, mng'ao, na weusi uliokolea pembeni. Ukipaka nyekundu umempa mwigizaji ugonjwa ambao haumo kwenye skripti.

#5 RangiNaNgozi
Hili la poda la DadaWaPoda mlisome mara mbili.

#6 Mdau_wa_Seti
Kwa nini mnahangaika hivi? Si mtu apakwe piko, ikae wiki mbili, filamu inaisha bila kubandika kila siku?

#7 DadaWaPoda
Ndugu yangu, tafadhali usimpake mwigizaji piko wala hina yoyote iliyokolezwa iwe nyeusi. Hina ya asili hutoa rangi ya chungwa kuelekea kahawia. Weusi ule wa haraka mara nyingi unatokana na kemikali ya kupaka nywele inayoitwa PPD, na kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu. Baya zaidi, mwili ukishaikataa mara moja, mzio huo unaweza kubaki maisha yote. Mtu huyo siku atakayopaka dawa ya nywele anaweza kuvimba kichwa na uso. Uliyemfanyia hivyo ni wewe, kwa ajili ya sini chache.

Hata ukipata rangi salama ya mmea, bado haifai kwa filamu. Tatuu ya kukaa wiki mbili inafifia kila siku, na sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Leo unapiga mwisho, kesho unapiga mwanzo ambapo mhusika bado hajachorwa. Utaifutaje?

#8 KipiniChaPua
Tuje kwenye kutoga. Mwigizaji wangu ana kipini cha pua, pete ya mdomo na kile cha kwenye nyusi, na hana tundu hata moja. Nimeona vipini vya sumaku vinavyoshikana kwa ndani na nje. Vinafaa?

#9 RangiNaNgozi
Sumaku kwenye ndewe ya sikio, kwa muda mfupi, sawa. Puani na mdomoni, HAPANA, na naiandika kwa herufi kubwa makusudi. Mtu akivuta pumzi kwa nguvu, akicheka, akipigwa kibao kwenye sini, kile cha ndani kinaweza kuingia njia ya hewa. Sumaku mbili zikimezwa zinaweza kutafutana tumboni zikabana utumbo katikati mpaka utoboke. Na zikiachwa zimebana ule ukuta wa katikati ya pua, zinauzuia usipate damu, na ukuta unaweza kutoboka. Kwa hiyo mtu anaishia na tundu la kweli, tena baya, alilokuwa anakwepa.

Pia usikubali muongozaji akimwambia mwigizaji akatogwe kweli. Ndewe inachukua wiki 6 hadi 8 kupona, pua huchukua miezi, gegedu la sikio linaweza kufika mwaka. Mkianza kupiga wiki ijayo mtakuwa mnapiga kidonda.

Kinachofaa ni hivi. Kipini cha pua ni kichwa tu kisicho na mguu, kilichosawazishwa nyuma, na tone la gundi ya ngozi. Pros-Aide inatosha: ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, subiri mpaka iwe angavu kabisa ndipo ubandike. Ukiharakisha, kipini kitateleza shavuni katikati ya shoti.

Pete ya mdomo ni pete iliyokatwa, ncha zake zimesuguliwa zikawa laini, inabana kwa wepesi tu. Cha nyusi ni nusu mbili za shanga, moja juu na moja chini, na katikati yake unaweka kijimwinuko cha silikoni au jelatini chenye rangi ya ngozi. Huo mwinuko ndio unaomwambia mtazamaji kuna kijiti kimepita ndani.

Sasa siri ya yote. Kipini halisi kina tundu. Mahali chuma kinapoingia ngozi inabonyea kidogo na kuna kivuli chembamba. Chukua brashi ya nywele moja moja, kahawia yenye wekundu kidogo, weka nukta ndogo kwenye ukingo pale chuma kinapokutana na ngozi, upande wa chini. Bila nukta hiyo ni shanga iliyogandishwa. Ukiiweka, macho ya mtu yanamalizia mengine yenyewe.

Ulimini usigundishe kitu chochote. Kama skripti inataka kipini cha ulimi, zungumza na muongozaji: ionekane kwa shoti moja fupi, mwigizaji haongei wala hali, kisha iondolewe.

#10 KipiniChaPua
Nimekuelewa mkuu. Chuma cha aina gani?

#11 RangiNaNgozi
Kwepa nikeli, ni chanzo kikubwa cha mzio wa vito. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye vito vinavyokaa kwenye ngozi, maikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na 0.2 kwa vile vinavyopita kwenye tundu. Titaniamu ni salama. Plastiki ngumu iliyopakwa rangi ya chuma mara nyingi ni bora kuliko chuma chenyewe: ni nyepesi, haivuti gundi, na haimwakisi mpiga picha na taa zake.

#12 MtuWaSauti
Na hailii! Nawaombeni sana. Pete mbili za chuma zikigusana karibu na maiki ya kifuani, kila neno la mwigizaji lina kengele nyuma yake. Mkiwa na hereni nyingi upande mmoja, mtushirikishe kabla ya siku ya kupiga.

#13 MtayarishajiMpya
Mimi nauliza upande wa sheria. Mhusika wetu ni shabiki wa mwanamasumbwi, tunataka awe na tatuu ileile ya usoni ya mtu maarufu. Kuna shida?

#14 RangiNaNgozi
Ipo. Mwaka 2011 S. Victor Whitmill, aliyemchora Mike Tyson tatuu ya usoni mwaka 2003, aliishtaki kampuni ya filamu ya Warner Bros. kwa sababu The Hangover Part II ilikuwa na mhusika mwenye tatuu inayofanana na ile. Mahakama ya shirikisho huko Missouri, Marekani, haikuizuia filamu kutoka, lakini jaji aliona madai ya Whitmill yana nguvu, na mwaka huohuo pande mbili zikamalizana kwa maelewano.

Kwa hiyo chora mchoro wako mwenyewe, au pata kibali cha maandishi kutoka kwa mchoraji. Hii inagusa pia tatuu halisi za waigizaji wenu zinazoonekana kwenye picha. Mwigizaji ana ngozi, lakini huenda mchoro una mwenyewe.

Na kuna michoro isiyo ya mtu mmoja. Moko, tatuu ya jadi ya Wamaori wa New Zealand, hubeba ukoo wa anayeivaa. Kumwekea mwigizaji kwa sababu inapendeza ni kumvalisha ukoo wa watu. Alama za magenge nazo ni hatari kwa namna nyingine: mwigizaji mdogo wa umati akitoka seti nayo shingoni, huko nje hakuna anayejua ni filamu. Alama hizo ziondolewe kabla mtu hajapanda gari, hata kama amechoka na kesho anarudi.

#15 KontinuitiKwanza
Kwa upande wangu: piga picha tatuu kutoka mbele, pande zote mbili na karibu, kwenye mwanga uleule kila siku. Halafu tengenezeni ramani. Chukua plastiki angavu, ilaze kwenye mkono wa mwigizaji, weka alama kwenye vidoa vyake vya asili na mikunjo ya kifundo, kisha chora mpaka wa tatuu. Kesho yake vidoa vikikaa kwenye alama, tatuu nayo iko mahali pake. Bila ramani tatuu husogea kila siku, na wakati wa kuhariri inaruka kutoka shoti hadi shoti.

Chapeni nakala za siku zote za kupiga, na za akiba juu yake. Za dabo, yule anayepigwa picha badala ya mwigizaji, pia.

#16 MwanafunziWaMekapu
Swali la mwisho: kuondoa. Mwigizaji wangu analalamika ngozi inauma.

#17 DadaWaPoda
Inauma kwa sababu inasuguliwa. Gundi haiondolewi kwa nguvu. Tumia kiondoa gundi chenye isopropili miristeti au mafuta, kiache kikae, kiingie chini ya ukingo. Kisha kunja utando taratibu kwa pamba, kuelekea nywele zinakoelekea. Alkoholi peke yake usoni na shingoni hukausha ngozi, na kesho unabandika palepale. Osha kwa sabuni laini, paka losheni usiku, na asubuhi ngozi ifutwe upya.

Na jaribu gundi na rangi kwenye ngozi yake kabla ya yote, eneo dogo ndani ya mkono, usubiri saa 24 hadi 48. Kama tayari pamewasha, leo usibandike palepale. Mwambie muongozaji apige upande wa pili, au shoti za mbali uchore kwa mkono pembeni ya penye wekundu.

#18 RangiNaNgozi
Naunga mkono. Na chumba kiwe na hewa, moto na sigara mbali: alkoholi ya asilimia 99 inashika moto haraka, na mvuke wake unamlevya mwigizaji aliyekaa hapo muda mrefu akichorwa kifua na mgongo. Mpe mapumziko, mpe maji. KipiniChaPua, ukishapiga sini ya nyusi rudi utuambie mwinuko wa silikoni ulikaaje kwenye picha ya karibu.